Sura ya Sita: Kielelezo Kina Mwenyewe

Ingia uwanja wa kituo chochote kikubwa cha polisi Tanzania Bara, kisha zunguka upande wa nyuma. Utakuta pikipiki zimeegemeana, matairi hayana upepo, viti vimepasuka kwa jua, na kwenye tangi la mafuta kumebandikwa kikaratasi chenye namba ya jalada iliyokwisha kufifia. Baadhi ziliibwa na zinamsubiri mwenyewe. Nyingine zilikutwa na mzigo ambao haukupaswa kubebwa. Zipo zilizokamatwa kwa kosa la barabarani ambalo faini yake ilishalipwa. Na zipo ambazo kesi yake ilikwisha, mshtakiwa akaenda zake, lakini hakuna aliyeuliza habari ya pikipiki.

Kwa polisi, kila moja ya hizo ni kielelezo. Kwa mtu fulani ni ada ya shule, ni kodi ya nyumba, ni mkopo ambao marejesho yake bado yanadaiwa kila wiki. Vitu hivyo viwili vinakaa ndani ya chombo kimoja, na sheria inavitambua vyote viwili. Ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake, na inakataza mtu kunyang'anywa mali bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Kukamatwa kwa mali hakuhamishi umiliki. Wanachopewa polisi ni kuishika, kwa muda na kwa sababu: inahitajika kama ushahidi, inadhaniwa ni ya wizi, au kuna sheria inayoruhusu mahakama kuitaifisha. Sababu ikiisha, ruhusa ya kushika nayo imeisha.

Wengi wanaopoteza mali zao kituoni hawashindwi kwa hoja. Wanabisha mlango usiohusika. Wanambembeleza afande awape kitu ambacho kwa wakati huo ni hakimu pekee anayeweza kukitoa, au wanaisubiri mahakama iseme neno juu ya kitu ambacho hakijawahi kufikishwa mbele yake. Ukishajua nani ana neno la mwisho leo, nusu ya kazi umeimaliza.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Sura hii inazungumzia Tanzania Bara, na namba za vifungu ni za toleo la sheria la 2022. Matoleo mapya huzipanga namba upya, kwa hiyo ukiwa na kitabu kipya tafuta kichwa cha kifungu. Zanzibar ina Sheria yake ya Mwenendo wa Jinai ya 2018.

Karatasi ya kwanza

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaeleza katika kifungu cha 38 namna upekuzi unavyoruhusiwa. Kifungu kidogo cha 3 kinamtaka askari anayechukua kitu atoe risiti ya kukiri kwamba amekichukua, yenye saini ya mwenye nyumba au ndugu yake wa karibu, au mtu anayeshikilia mahali hapo, pamoja na saini za mashahidi kama wapo. Ndiyo maana mara nyingi huitwa mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai namba 384 ya 2008, ilieleza kwa nini risiti hiyo ipo: ihakikishe kwamba kitu kilichokamatwa kilitoka pale kinapodaiwa kutoka, wala si kwingine.

Karatasi hiyo iliwekwa ili kumlinda mshtakiwa asibambikiwe kitu. Kwa mwenye mali ina faida ya pili, kwa sababu ndiyo ushahidi kwamba polisi wanacho. Bila hiyo utafika kituoni miezi mitatu baadaye uulizwe, "Pikipiki gani? Nani aliipokea?"

Kuidai si jambo rahisi, hasa usiku au barabarani. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Afande, naomba risiti ya simu yangu."

"Risiti? Kwani nimekuuzia?"

Usibishane. Sema, kwa heshima ile ile, "Basi afande, naomba iandikwe kwenye hati ya ukamataji mali nisaini, na mimi nipate nakala." Akikataa, nenda kituoni siku hiyo hiyo au asubuhi yake, omba iingizwe kwenye kitabu cha taarifa, na uondoke na namba ya taarifa hiyo pamoja na jina na cheo cha aliyekuhudumia.

Yaliyoandikwa humo yana uzito kuliko kuwepo kwa karatasi yenyewe. "Simu moja nyeusi" ni maneno yanayoweza kuelezea simu yoyote sokoni Kariakoo. Simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Utaiona ukibonyeza *#06#, na mara nyingi imechapwa pia kwenye boksi. Pikipiki ina namba ya chesisi na namba ya injini mbali na ile ya usajili, na kibao cha usajili ndicho kitu chepesi kuliko vyote kung'olewa. Fedha taslimu zihesabiwe mbele ya mashahidi na ziandikwe kwa noti: za elfu kumi ngapi, za elfu tano ngapi. Mzigo wa dukani uandikwe kwa aina, idadi na hali yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari linaloshughulikiwa ni la mtu mwingine, ndiyo maana unatakiwa kulisoma kabla hujatia saini.

Leo ni mlango wa nani?

Safari ya kielelezo ina vituo vitatu.

Cha kwanza ni pale jalada linapokuwa bado mikononi mwa polisi. Hakuna aliyeshtakiwa, upelelezi unaendelea. Hapo wa kumwendea ni mpelelezi wa kesi na mkuu wa kituo, yaani OCS. Jalada likiwa limepanda ngazi, ni mkuu wa upelelezi wa wilaya au wa mkoa. Kwa kuwa uamuzi wa kushtaki uko kwa waendesha mashtaka, nakala ya barua yako ifike pia Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa au wilaya. Wakili wa Serikali akishasema kitu fulani hakihitajiki katika ushahidi, au kwamba picha zake zinatosha, mpelelezi hana tena sababu ya kukishikilia.

Kituo cha pili ni kesi imefunguliwa lakini kitu chako hakijatolewa mahakamani. Kiko stoo, kinasubiri shahidi wa kukitoa. Watu wengi hukwama hapa: polisi wanasema "iko mahakamani", karani wa mahakama anasema "haijaletwa". Kila mmoja anasema kweli. Mwombe mwendesha mashtaka aeleze mbele ya hakimu kama anakihitaji, au wasilisha maombi mwenyewe mahakamani. Kama kilichukuliwa mwilini au mikononi mwa mshtakiwa alipokamatwa, kifungu cha 357 kinaipa mahakama uwezo wa kuagiza kirudishwe kwa anayeonekana kustahili, hata kama anayestahili ni mshtakiwa mwenyewe.

Kituo cha tatu ni pale shahidi alipokitoa, hakimu akakipokea na kukipa alama: Kielelezo P1, P2, na kuendelea. Tangu hapo kiko chini ya mahakama, hata kama kwa macho bado kimeegemea ukuta wa kituo cha polisi. OCS hana mamlaka ya kukuachia. Ila kifungu cha 353 kinaipa mahakama uwezo wa kukirudisha katika hatua yoyote ya kesi, bila kusubiri hukumu, kwa masharti itakayoona yanafaa. Wenye mali wengi hawalijui hilo, wakakaa miaka wakisubiri hukumu.

Njiani polisi wana wajibu wa kuonyesha kielelezo kilipita mikononi mwa nani. Mahakama ya Rufani iliueleza wajibu huo kwa kirefu katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007: kuwe na mfululizo wa kumbukumbu unaoonyesha kukamatwa, kutunzwa, kuhamishwa na hatima ya kitu. Mfululizo huo unakusaidia na wewe. Ukiambiwa hakionekani, omba kuelezwa nani alikiingiza kwenye daftari la vielelezo, lini, na nani alikitoa. Na kwa sababu hiyo hiyo, usikubali kuambiwa "chukua tu, tutamalizana". Kitu kilichotoka bila maandishi kinaweza kukuweka wewe kwenye jalada.

Barua

Maneno ya mdomo kituoni hayana tarehe. Andika barua, peleka nakala mbili, moja ibaki nao na nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Mfano:

Mkuu wa Kituo cha Polisi, ........

Yah: Maombi ya kurudishiwa pikipiki namba ........

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa pikipiki tajwa, chesisi namba ........, injini namba ......... Ilichukuliwa tarehe ........ eneo la ........ ikiwa mikononi mwa dereva wangu, na imeandikwa katika taarifa namba ......... Mimi si mtuhumiwa katika shauri hilo. Naambatisha nakala ya kadi ya usajili, kitambulisho changu cha taifa, mkataba wangu na dereva na nakala ya hati ya ukamataji mali.

Naomba nirudishiwe. Endapo itahitajika kama ushahidi, naomba ipigwe picha, na niko tayari kusaini dhamana ya kuileta mahakamani kila nitakapotakiwa, kutoiuza na kutoibadilisha hadi shauri liishe. Endapo maombi haya hayakubaliki, naomba nielezwe sababu kwa maandishi.

Nakala: Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ........

Aya ya pili ndiyo moyo wa barua. Aliyekamata mali anaogopa jambo moja: kesi ivunjike kwa sababu kielelezo hakipo. Ukimwondolea hofu hiyo kwa picha na dhamana, umempa njia ya kukubali bila kujiweka hatarini. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi: sababu iliyoandikwa inaweza kupingwa mbele ya mkubwa wake au mahakamani, na asiyekuwa na sababu huona vigumu kuiandika.

Kwa vitu vinavyooza, samaki, nyanya, maziwa, haraka ni kubwa zaidi. Sheria inaruhusu mahakama iagize viuzwe au viteketezwe kabla kesi haijaisha, na fedha za mauzo zitunzwe. Katika Rufaa ya Jinai namba 385 ya 2017, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba mshtakiwa anatakiwa awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla ya amri ya kuteketeza. Mwenye mzigo asisubiri kuitwa. Aende mwenyewe aombe uuzwe ungali na bei.

Jina lililo kwenye kadi

Sehemu kubwa ya pikipiki za bodaboda haziendeshwi na wenyewe. Bosi ananunua, kijana anaendesha na kupeleka hesabu kila jioni, au wanaandikiana mkataba kwamba baada ya muda fulani chombo kitakuwa cha kijana. Mara nyingi bosi naye aliinunua mkononi mwa mtu, na kadi bado ina jina la muuzaji kwa kuwa hakuna aliyekwenda TRA kuhamisha umiliki. Siku ikikamatwa, wanafika watu watatu kituoni, kila mmoja anasema ni yake.

Polisi na mahakama huanza na karatasi. Kadi ikiwa na jina la mwingine, tafuta mkataba wa mauziano, na muuzaji mwenyewe aje au aandike kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Aliye kwenye mkataba wa kulipa kidogo kidogo alete kumbukumbu za malipo. Ujumbe wa miamala kwenye simu unasaidia sana. Na kama chombo kilinunuliwa kwa mkopo, taasisi iliyokopesha ina maslahi pia. Waarifu mapema, kwani mara nyingi wana wakili ambaye wewe huna.

Kwa simu na vifaa vya nyumbani, risiti ya EFD ndiyo kadi yako. Aliyenunua simu mkononi mwa mtu bila risiti yuko pabaya mara mbili: hawezi kuthibitisha umiliki, na anaweza kuulizwa kama alijua ni ya wizi. Ikithibitika ni ya wizi inarudi kwa aliyeibiwa, hata kama wewe ulitoa fedha halali kwa nia njema. Kinachobaki ni kumdai aliyekuuzia.

Hakimu akifunga jalada

Siku ya hukumu kila mtu anasikiliza neno moja: ana hatia au hana. Baada ya hapo watu wanatoka nje kukumbatiana au kulia, na suala la vielelezo linabaki mezani. Usitoke. Kama hakimu hajasema lolote juu ya mali, mwombe hapo hapo, wewe au wakili wako, atoe amri itakayoitaja kwa namba zake na itakayomtaja wa kukabidhiwa. Kisha fuatilia nakala ya amri iliyogongwa mhuri. Kituoni hawatafanyia kazi maneno ya "hakimu amesema".

Hatari ni kubwa zaidi pale kesi inapoondolewa. Mkurugenzi wa Mashtaka ana uwezo, chini ya kifungu cha 91, wa kueleza kwamba haendelei na mashtaka. Mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kushtakiwa tena, na polisi wakatumia uwezekano huo kuendelea kushika mali. Hapo ndipo ombi la amri linapohitajika kuliko wakati wowote, hata kama itakuwa ya masharti.

Na kuna saa inayokimbia. Chini ya kifungu cha 353, kielelezo kilichotolewa mahakamani kisipodaiwa na anayestahili ndani ya miezi 12 tangu kesi au rufaa yake ilipokwisha, mahakama inaweza kuagiza kiuzwe, kiteketezwe au kitolewe vinginevyo. Fedha zikipatikana zinaingia hazina ya serikali. Baadhi ya pikipiki za mnadani zina wenyewe, walio hai na wenye kadi, waliodhani wataitwa.

Kwa kulinganisha, nchini Kenya kifungu cha 121 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai, Sura ya 75, kinataka kitu kilichokamatwa kwa hati ya upekuzi na kufikishwa mahakamani kitunzwe kwa uangalifu unaofaa, na kama hakuna rufaa wala mtu aliyepelekwa kushtakiwa, mahakama iagize kirudishwe kwa aliyechukuliwa, isipoona vinginevyo. Tazama vizuri: kwa aliyechukuliwa. Kama alikuwa dereva, mwenye gari aliyekaa nyumbani huenda akaliona gari lake likikabidhiwa mtu mwingine kwa amri halali kabisa.

Mwenye mali asiye na habari

Zipo kesi ambazo mali yenyewe iko hatarini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 zinairuhusu mahakama kutaifisha chombo kilichotumika katika kosa. Ukiwa umekodisha Fuso yako ikakutwa na meno ya tembo, kunyamaza ni kosa kubwa. Ukijitokeza baada ya amri ya kutaifisha, unaanza kwa kupingana na amri. Jitokeze mapema na mkataba wa kukodisha, kumbukumbu za safari uliyoiidhinisha, na maelezo ya namna ulivyokuwa ukimsimamia dereva. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba hukujua, na kwamba kutojua kwako hakukutokana na kufumba macho.

Kinga hiyo ya asiyejua si ya kudhaniwa kwamba ipo kila mahali. Marekani, katika kesi ya Bennis dhidi ya Michigan, mke alipoteza haki yake katika gari alilomiliki pamoja na mumewe, Pontiac ya 1977 waliyoinunua kwa dola 600, kwa sababu mume alilitumia kufanya uchafu na kahaba. Mke hakujua lolote. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema Katiba yao haimkingi. Ilibidi Bunge lao litunge sheria mwaka 2000 ili mwenye mali asiye na hatia apate utetezi katika mashauri ya serikali kuu. Kwa hiyo usiingie mahakamani na huruma peke yake. Uliza ni sheria ipi inayotaka kutaifisha, na inasema nini juu ya mtu kama wewe.

Wakikaa kimya

Barua imepokelewa, wiki zinapita. Panda ngazi kwa maandishi: mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kamanda wa mkoa, kila mara ukiambatisha ile yenye mhuri. Ukiombwa "hela ya mafuta" ili upewe mali yako, hiyo ni rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, bila malipo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya dola bila kukutaka uwe na wakili.

Mwisho wa ngazi ni kesi ya madai. Zamani mlango huu ulikuwa na komeo: hukuweza kuishtaki serikali bila serikali hiyo hiyo kukuruhusu. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Rufani ilisema sharti hilo linapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Bunge liliibadili sheria, na kilichobaki ni notisi ya siku 90, kisha kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Siku 90 ni nyingi kwa chombo kinacholoa mvua, lakini notisi yenyewe mara nyingi huamsha jalada lililolala, kwa kuwa inamfikia Mwanasheria Mkuu, na mtu fulani makao makuu atalazimika kuuliza wilayani kumetokea nini.

Siku ya kukabidhiwa

Siku ikifika, usisaini kwa furaha. Nenda na fundi unayemwamini na picha za zamani za chombo chako. Soma namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako. Fungua kiti uone betri. Angalia kabureta, vioo vya pembeni, tairi la nyuma, kilomita kwenye dashibodi. Simu iwashe, uhakiki IMEI. Fedha zihesabu.

Hati ya makabidhiano mara nyingi imeshachapwa kwamba umepokea mali "ikiwa katika hali nzuri". Kama si nzuri, andika juu ya saini yako kwa kalamu: "Nimepokea, isipokuwa betri na vioo viwili havipo, injini haiwaki." Afande atasema hakuna nafasi ya kuandika, andika pembeni. Atasema usaini kwanza mengine yatafuata. Mjibu kwa upole kwamba unasaini ulichokiona. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuruhusu kudai betri kesho. Ukisaini bila hiyo, umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba hawadaiwi chochote, na wewe huwadai.